Kadi Aliyoinywa Bi Mize

Shangazi yangu Bi Mize alizikwa Wesha, Pemba, siku ya Ijumaa, na kufikia Jumapili waliokuja kuhani walikuwa wameshaanza kucheka. Si kwa utovu wa adabu. Msiba wa mtu aliyeishi mpaka akawaona vitukuu huwa na saa yake ya kulia na saa yake ya kukumbushana, na kila aliyekaa ukumbini pale alitaka akisikie tena kile kisa cha shangazi kunywa kadi ya posta. Mimi ndiye shahidi pekee aliyebaki, kwa hiyo nilisogezewa mto, nikapewa kahawa, nikaambiwa nianze. Nilikisimulia kama nilivyozoea, nikaishia pale ninapoishia siku zote, watu wakafuta machozi, ya kicheko na ya kweli. Kisha mjukuu wake, Raya, akaja na simu yake. Alikuwa ameipiga picha kadi nyingine, ile ya wachukuzi wanne iliyokaa ndani ya kasha la shangazi miaka yote hii, na alitaka kuikuza aitundike ukutani. "Bi Saada, hebu nioneshe, babaake bibi ndo yupi hapa?" Nikamwambia wa pili kutoka kushoto. Hivyo ndivyo nilivyosema kwa zaidi ya miaka arobaini, na ulimi wangu haukwami tena. Lakini niliporudi kwangu Chake Chake nilikaa na daftari mapajani mpaka alasiri, kwa sababu kile kisa cha kuchekesha nimekisimulia mara nyingi mno, na kilichofuata sijamwambia mtu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza skuli, nangoja matokeo, na kazi niliyopewa ilikuwa kukaa na shangazi kwa kuwa macho yake yalikuwa yanamwacha. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwepesi wa kutembea na mwepesi zaidi wa kusema. Daktari alikuwa ameshamwambia kwamba ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, matone yatachelewesha tu. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Basi kwa mwezi nihesabu nimepoteza kiasi gani?" Daktari akamwandikia matone. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi, na dirisha la ukumbini lilitazama njia ya kushukia bandarini, kwa hiyo tulisikia kila kitu tulichostahili kusikia na tusichostahili: nani kaletewa saruji iliyoganda, nani kagombana na baharia, mke wa nani kakataa kupokea samaki. Asubuhi tulikula muhogo wa kuchemsha na chai ya mchaichai. Mchana wali na mchuzi wa changu, akipatikana, na asipopatikana wali na kisamvu, na shangazi alikilaumu kisamvu kama vile chenyewe ndicho kilichomfukuza changu. Msimu wa karafuu chumba changu kiligeuka ghala, nikalala kati ya majamvi yaliyokunjwa na harufu iliyonitia mafua miezi mitatu. Na katika chumba hicho ndimo lilimokuwa kabati la Sharifu.

Sharifu huyo alikuwa na duka Chake Chake zamani, na alipofariki na watu wake kuhama, kabati lake likaangukia mikononi mwa mume wa shangazi. Droo ya chini ilikuwa imekwama tangu siku lilipoingia nyumbani. Mwezi wangu wa kwanza, kwa kukosa la kufanya, niliipaka sabuni nikaivuta mpaka ikanitupa chali. Ndani mlikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo mlikuwa na kadi za posta sitini na mbili: mitaa ya Unguja, meli, minara, Wazungu wenye masharubu, mji mmoja uliojaa theluji mpaka madirishani. Nilizimwaga kitandani nikakaa nazo siku nzima. Sijui kwa nini mtu mmoja akiona vitu vya zamani huona takataka na mwingine hushikwa. Mimi nilishikwa, na sijaachiwa hadi leo. Nina maboksi manne chini ya kitanda, na vijana wa siku hizi wanaobadilishana picha za kadi kwenye simu huniita mwalimu.

Karanga za Chake Chake siku zile zilifungwa kwa magazeti ya bara, na mimi sikuwahi kutupa karatasi kabla sijaisoma. Katika karatasi moja ya karanga nilikuta tangazo: "Nabadilishana kadi za zamani za posta, za mwambao na visiwa. Sinunui, siuzi. Kadi kwa kadi." Aliyetangaza alikuwa Mzee Kiondo wa Tanga, mstaafu wa reli. Nilimwandikia, naye akanijibu kwa taipureta, aya zote zina namba, kama taarifa ya treni kuchelewa. Aliniita Ndugu S. Hamadi, na kwa kuwa lugha yetu haimlazimishi mtu kuuliza kama ni mume au mke, nadhani alipitisha miezi akiamini mimi ni bwana mmoja mwenye miwani. Katika barua yangu ya kwanza nilikuwa nimejisifu kwamba stempu za kadi kumi na moja nimeshazibandua kwa maji ya moto na nimezihifadhi vizuri, maana nilidhani thamani iko kwenye stempu. Jibu lake lilikuja hivi: "3. Umezichuna ngozi. Usirudie." Shangazi alilipenda jibu hilo kuliko maneno yote aliyowahi kusomewa. Kwa wiki nzima nikivunja kikombe au nikiunguza wali alinyanyua kidole akasema, "Namba tatu!"

Mzee Kiondo alinifundisha kazi. Kadi itazamwe mgongo kabla ya uso. Muhuri wa posta usomwe kwanza, kisha anwani, kisha maneno, na picha iwe ya mwisho. Isifungwe kwa mpira, isiandikwe kwa kalamu ya wino, na isisafiri uchi, kwa sababu kila mwenye macho kati ya Pemba na Tanga ataisoma. Iwekwe ndani ya bahasha, kati ya vipande viwili vya boksi la sabuni. Na zaidi ya yote: kasoro ya kadi yako itaje wewe kabla hujaulizwa. Pembe ikiwa imekunjika, sema. Doa likiwepo, sema, hata kama liko mahali ambapo mwenzako asingeliona. "Mkusanyaji hana mwingine wa kumtegemea ila maneno ya aliyeko mbali," aliandika. Nilikuwa nimesoma skuli miaka kumi na miwili na hakuna mtu aliyewahi kunitaka nitaje kasoro zangu kwa hiari. Mara mbili kwa mwezi nilikwenda posta Chake Chake, Bwana Shaame wa kaunta akanisogezea bahasha huku akinitazama kama nawasiliana na serikali ya nchi nyingine.

Siku moja Mzee Kiondo alileta orodha ya kadi zake za Pemba ili nichague. Nilikuwa nikiisoma kwa sauti ukumbini, na shangazi kakaa na ungo, anachambua mchele kwa vidole kwa kuwa kwa macho ilikuwa haiwezekani tena. "Namba kumi na nne," nikasoma. "Wachukuzi wanne wa karafuu, magunia kichwani, gati ya Wesha. Imetiwa rangi. Pembe moja imekunjika."

Vidole vikasimama. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Babaangu huyo," akasema.

Ni lazima niseme hapa kwamba shangazi na baba yangu walichangia mama tu. Baba yake yeye alikuwa mchukuzi wa Wesha aliyekufa kwa homa mtoto hajaota meno. Alichoachiwa shangazi ni hadithi moja ya mama yake: kwamba Mzungu mmoja aliwapanga wale wanne waliokuwa wakifanya kazi pamoja, akawaambia wasimame na magunia kichwani bila kutikisika, akawaweka hivyo mpaka mmoja wao akaanza kumtukana kwa sauti ya chini, kisha akaondoka na mashine yake na picha hawakuiona. Kwa hiyo shangazi alikua akijua kwamba sura ya baba yake ipo mahali fulani duniani na yeye haijui. Waliowajua wale wanne walikuwa wameshatangulia wote. "Macho yangu yana mwezi, miezi," aliniambia. "Mwambie huyo ntu wako aniletee nimuone. Akitaka kuku ntampa kuku."

Mzee Kiondo hakutaka kuku. Alitaka kadi moja tu katika kopo langu, ile niliyomweleza kwa majivuno tangu mwanzo: mbele mnara wa taa, nyuma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa wino mweusi wa masizi kama ule tuliokuwa tukiutumia chuoni tukisoma Kurani, kutoka kwa mtu wa Wete kwenda kwa Sharifu, na mihuri miwili ya posta za Pemba. Chuoni nilikuwa si mjinga, nikaisoma mwenyewe herufi kwa herufi. Ilisema: "Bismillahi. Baada ya salamu, yule punda uliyenipa hapiti kwenye maji, na akiona kanga nyekundu hulala chini. Tuma mtu aje amchukue." Nilimnakilia Mzee Kiondo maneno hayo. Shangazi sikumsomea. Nilimwambia tu kwamba katika kopo mna kadi ya Sharifu yenye khati ya Kiarabu, na sikumwambia kuwa ndiyo itakayokwenda Tanga. Nilikuwa na kiburi cha kujua jambo peke yangu katika nyumba ya mtu aliyejua yote.

Siku ya kuituma niliiweka mezani ukumbini, juu ya kipande cha boksi, nikaenda Chake Chake kutafuta bahasha kwa kuwa zetu zilikuwa zimejigundisha kwa unyevu. Niliporudi adhuhuri shangazi alikuwa amekaa mkekani, uso umelowa, mbele yake sahani nyeupe na kichupa cha marashi. Kadi ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe ikauke.

"Njoo, mwanangu, njoo. N'shaanza kuuona mlango."

Mlango alikuwa akiuona siku zote. "Shangazi, umefanya nini?"

"Kombe. Nkono wa Sharifu huo, si wa ntu hivi hivi. Bismillahi nimeiona mwenyewe, kwa jicho hili la kushoto. Nusu nimekunywa, nusu nimeoshea macho."

Kwa asiyelijua kombe, ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, mgonjwa akanywa. Shangazi alikuwa ameshayanywa mengi tangu macho yaanze, na kila mwandishi aliyesifiwa kutoka Wete mpaka Mkoani tulikuwa tumeshamfikia. Aliposikia nyumbani mwake mna kadi ya Sharifu yenye khati, akadhani ni mkono wake mwenyewe, iliyolala kwenye kabati miaka yote bila faida, alingoja tu nitoke. Niliishika kadi. Mihuri ilibaki, kwa kuwa wino wake ni wa mafuta, lakini maneno yalikuwa yamekwenda yote.

"Haikuwa aya," nikasema. "Ni mtu wa Wete anamshitakia Sharifu punda."

"Punda gani?"

Nikamweleza. Maji, kanga nyekundu, kulala chini. Shangazi aliinua kichwa, maji ya marashi yakimdondoka kidevuni. "Kwa hivyo mie," akasema taratibu, "nimenywa punda?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala ubavu mkekani, na mimi juu ya hasira zangu nikacheka pia.

Hapo ndipo ninapoishia misibani na harusini. Kilichofuata ni kwamba shangazi alijiinua, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akauliza, "Na ile ya kwenda Tanga ni ipi?" Ningeweza kusema ni nyingine. Nilikuwa bado nimekasirika, na hasira yangu, nasema ukweli, ilikuwa ya kadi na si ya shangazi. Nikamwambia, "Ndo hiyo." Alipapasa sahani, akatoka nayo uani akiushika ukuta, akamwagia yale maji yaliyosalia kwenye shina la mlimau ambapo hapakanyagwi, kwa sababu Bismillahi ilikuwa imo. Chakula cha mchana hakula. Alasiri nilikuwa chumbani, nikamsikia dirishani akizungumza na jirani yetu, Bi Time. Bi Time alimwambia asijitie huzuni, kadi ni karatasi. "Babaangu n'shamnywa, Time," shangazi akamjibu. "Kwa nkono wangu." Niliziba mdomo kwa shuka, na hapo ndipo hasira ya kadi iliponitoka.

Nilimwandikia Mzee Kiondo ukurasa mzima. Nilitaja kasoro: maandishi hayapo, karatasi imejikunja, ina harufu ya marashi. Nilitaja sababu. Nilitaja kwamba kosa ni langu, sikumwambia mwenye nyumba kilichomo ndani ya nyumba yake. Barua ikaenda, nasi tukangoja wiki sita, na katika wiki hizo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo daktari hakuweza kumpa. Wiki ya kwanza shangazi aliacha kutunga uzi. Ya tatu alianza kumimina chai huku kidole kikiwa ndani ya kikombe, ajue imefika wapi. Ya tano alinisalimia mimi kwa jina la Bi Time, kisha akajidai anatania. Hakuniuliza habari za Tanga hata mara moja, lakini kila nikitoka kwenda posta alikuwa amekaa kizingitini ninaporudi.

Jibu lilikuja na namba zake. "1. Barua yako imefika. 2. Nimeshaona kadi zilizoliwa na panya, na mchwa, na mtoto mmoja wa Korogwe. Iliyonywewa sijapata kuiona. 3. Je, macho yamepata nafuu? 4. Niletee kadi hiyo kama ilivyo, pamoja na maelezo ya mhusika, yenye dole gumba. 5. Ikifika, namba kumi na nne nitaituma siku hiyo hiyo."

Nilimsomea shangazi mara tatu. Akaniambia nichukue karatasi nzuri, akakaa wima kama yuko mahakamani. "Andika. Mimi Mize binti Juma wa Wesha, nimeinywa kadi hii kwa kudhani ni aya. Nilikuwa na akili zangu. Ilikuwa na ladha ya masizi. Punda sikumhisi." Akafikiri. "Andika na hili. Macho hayakupata nafuu, lakini namshukuru kwa kuuliza, kwani wengi hawaulizi." Wino wa muhuri hatukuwa nao, tukampaka masizi ya sufuria, akaligandamiza dole gumba lake chini ya maneno hayo. Nasikia, na hili aliniandikia mwenyewe baadaye, kwamba Mzee Kiondo aliviweka vyote viwili katika fremu moja, na kila mgeni aliyeingia kwake alioneshwa.

Namba kumi na nne ilichelewa. Masika yalikuwa makubwa, meli hazikuja, mifuko ya posta ikalala bara. Ilipofika, Idi ilikuwa imeshapita, na shangazi alikuwa akitofautisha mwanga na kivuli tu. Alinawa mikono, akavaa kanga yake ya mtoko, akakaa chini ya dirisha. Nikampa kadi. Aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akaipeleka ubavuni mwa jicho la kushoto ambalo ndilo lililokuwa bora. Akaigeuza kichwa chini miguu juu, akarudi tena.

"Naona weupe," akasema. Kisha akanirudishia mkononi. "Basi nisomee."

Nikamsomea picha. Gati, maji nyuma, wanaume wanne kwenye mstari, magunia kichwani. Wa kwanza kavaa shuka ya kijani, wa pili nyekundu. Akanikatiza: mama yake alisema alikuwa na shuka moja, ya merikani, nyeupe. Nikamwambia rangi zimetiwa na mtu wa Ulaya asiyewahi kufika Wesha. "Haya," akasema. "Na babaangu ndo yupi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Miezi yote nimehangaikia kadi ifike, na sikujiuliza ikifika nani atamtambua. Nyuso zote nne zilikuwa ndani ya kivuli cha magunia, na mmoja alitikisika, uso wake ni ukungu mtupu. Jibu la kweli lilikuwa sijui, na hakuna ajuaye, na hatajua mtu. Mzee Kiondo angelitaka niliseme hilo. Nikatazama kadi, nikamtazama shangazi. Mwaka mzima nilikula naye sahani moja na sikuwahi kumtazama hivyo: kidevu chake, bega la kulia lililoinuka kidogo, masikio yaliyojitenga na kichwa. Wa pili kutoka kushoto alikuwa na sikio moja linaloonekana, limejitenga. Huo si ushahidi. Hata dole gumba lisingeweza kulifanya sikio hilo liwe ushahidi.

"Wa pili, kutoka kushoto," nikamwambia. "Masikio yenu mamoja."

Akajishika sikio. Akanyoosha kidole kutafuta kadi, kikatua juu ya mtu wa nne, nami nikakishika nikakisogeza. Akakiacha hapo.

"Nnene?"

"Mwembamba."

"Kavaa viatu?"

"Hana."

"Umri wake?"

"Kijana, shangazi. Hanipiti sana mimi."

Hilo hakulitazamia. Maisha yake yote baba yake alikuwa mtu mzima, na sasa yeye mwenyewe alikuwa na umri wa kumzaa. Uso wake ukabadilika, akawa anakisugua kidole chake juu ya karatasi polepole, pale kwenye gunia.

"Ntoto tu," akasema. "Na hili gunia lote kichwani, na watu wamemsimamisha." Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. "Mwambie atue, Saada."

"Keshatua, shangazi," nikamwambia.